Kaburi la mwami si hati ya shamba

Mazungumzo ya redio juu ya amani, yamechapwa kwa ajili ya wasomaji

Nakuamkia wewe uliyeshika karatasi hii mkononi, uwe mtu wa upande wa Walikale au wa upande wa Masisi, uwe umeketi nyumbani kwako au chini ya hema la wakimbizi. Labda ulitusikia kwa redio. Labda betri ziliisha kabla hatujafika mwisho. Sasa soma pole pole, na kama jirani yako hajui kusoma umsomee kwa sauti, hata kama si wa kabila lako. Hasa kama si wa kabila lako.

Leo nataka tuzungumze juu ya mahali pa wazee wetu: makaburi ya bami, misitu isiyokatwa, miti ya barza, chemchemi ambazo mtu hachoti bila kuomba. Pinga ni mji mdogo. Hatuna jumba la makumbusho kama miji mikubwa. Lakini kila kilima hapa kina jina, na kila jina lina mtu wa kulieleza. Shida yetu ni kwamba mara nyingi lina watu wawili wa kulieleza, na hawapatani.

Nitakueleza jambo nililoliona mwenyewe. Tulikuwa katika barza, watu kama arobaini, tukiongea juu ya shamba moja lililo chini ya mti mkubwa. Mzee mmoja akasimama akasema: "Babu zangu wamelala chini ya mti ule, kwa hiyo shamba ni letu." Mzee wa upande wa pili hakusimama hata. Akauliza akiwa ameketi: "Na nani aliwapa babu zako ruhusa ya kulala pale?" Watu wakacheka. Halafu kicheko kikakatika ghafula, maana kila mmoja alijua swali lile limekwisha kuua watu wangapi katika nchi yetu. Wakanigeukia mimi. "Binti yetu, wewe uliyesoma sheria kule universite, tuambie: kaburi ni la nani?"

Nikafungua kitabu. Sikuwa na furaha kukifungua, na utaona sababu.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema katika ibara ya 53 kwamba udongo wote ni mali ya Leta, mali isiyouzwa. Ibara ya 387 ikaziingiza katika mali hiyo hata zile ardhi ambazo jamii za vijijini zinakaa, zinalima na kutumia. Halafu ibara ya 389 ikaahidi kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi hizo zitapangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Watoto waliozaliwa mwaka ule wa 1973 walikua, wakaoa, wakapata wajukuu, bila kuiona amri hiyo. Unaona, msomaji: ahadi ambayo haikutimizwa iliacha shimo katikati ya sheria, na katika shimo hilo kila mtu akatupa alichokuwa nacho. Mmoja akaleta karatasi ya konservateri, mwingine akaleta neno la mwami, mwingine kaburi, mwingine bunduki.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilirudisha heshima kidogo. Ibara ya 34 inalinda mali ya mtu mmoja au ya kundi iliyopatikana kwa njia ya sheria au kwa njia ya desturi. Kwa hiyo desturi ina uzito, na mtu asikuambie kwamba maneno ya wazee ni upepo. Lakini kaburi linashuhudia nini? Linashuhudia kwamba mtu alizikwa pale, na kwamba walikuwako watu wa kumlilia. Ni shahidi mmoja kati ya mashahidi wengi: waliolima, waliopisha njia, waliopewa mahali pa kujenga, walioolewa pale wakazaa pale. Kaburi la mwami si hati ya shamba. Nilisema hivyo mbele ya barza, na wazee wote wawili wakanikasirikia kwa pamoja. Siku hiyo lilikuwa jambo la kwanza walilopatana.

Wazee wale hawakuzaliwa na ugomvi huo mkononi. Wanyanga na Wahunde wameoana tangu zamani. Ndugu wa Kihutu na wa Kitutsi nao wana makaburi ya baba zao katika vilima vya Masisi, na historia yao ni ndefu kuliko watu wengine wanavyotaka kukiri: kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji walileta maelfu ya jamaa kutoka Rwanda kuja kukaa na kufanya kazi huku, na wengine walikuwako kabla ya hapo. Tena ni Wabelgiji waliopenda mipaka inayoonekana kwenye ramani, zaidi baada ya dekreti yao ya tarehe 5 Desemba 1933 juu ya utawala wa wenyeji. Kabla ya hapo mtu aliulizwa, "Unamsikiliza mwami gani?" Baadaye akaulizwa, "Unakaa upande gani wa mstari?" Mstari wa Walikale na Masisi ukapita hapa kwetu Pinga. Mti wenye kivuli kikubwa unaweza kuwa na shina teritware moja na kivuli teritware nyingine.

Sasa nitasema juu ya vita, lakini kwa ufupi, maana wewe ulivikimbia kwa miguu na huhitaji mimi nikusimulie. Mwaka wa 2012 na wa 2013 Pinga iligombaniwa na NDC na APCLS, kimoja kikijiita mlinzi wa Wanyanga, kingine mlinzi wa Wahunde. Mji ukabaki mtupu mara nyingi. Mwezi wa Agosti 2013 hata waganga wa Médecins Sans Frontières waliondoka kwa sababu ya vitisho. Mwezi wa Oktoba 2024 vita vya M23 vikafika Kalembe, kwenye barabara inayokuja kwetu. Katika nyakati hizo zote mahali pa wazee paliumia kwa namna ambayo hakuna aliyeihesabu. Askari hupenda vilima virefu, na bami walizikwa vilimani. Mwenye baridi hukata mti ulio karibu, hajui kwamba hukatwi. Na mwenye kujua jina la kilima anapofia kambini mbali na kwao, kilima kinabaki bila jina. Naona hili la mwisho ni baya kuliko mti kukatwa.

Wewe utasema: mama, watu wamekufa, wewe unalilia miti? Nakubali, swali lako ni la haki. Nami nakujibu hivi: wale waliokuja kuchukua vijana wetu waende porini, waliwaambia nini? Hawakuwaambia, "Njooni tuwapatie mshahara." Waliwaambia, "Makaburi ya babu zenu yamekanyagwa." Neno hilo ndilo lililofanya kazi. Kwa hiyo anayetaka amani hawezi kuyaacha makaburi mikononi mwa wenye bunduki wayaeleze peke yao.

Kuna mahali pengine pa wazee ambapo hapakanyagwi kwa kiatu, maana pamo katika maneno. Mwaka wa 1956, katika kijiji cha Bese, nchi ya Wanyanga, mzee mmoja mwimbaji aliyeitwa Rureke alisimulia hadithi ya Mwindo kwa muda wa siku kumi na mbili. Mbelgiji Daniel Biebuyck alikuwa pale pamoja na wasaidizi wa Kinyanga, wakiandika. Mnamo 1969 kitabu kikatoka Marekani, kwa Kinyanga na kwa Kiingereza, na jina la mwana wa nchi yetu, Kahombo Mateene, liko kwenye jalada pamoja na la Biebuyck. Wanafunzi wa mbali sana wanasoma Mwindo darasani. Mimi nilikisikia kitabu hicho kikitajwa na mgeni, nikiwa tayari nina diploma, nikaona haya.

Kama umekisahau kisa, nikukumbushe kwa maneno yangu. Shemwindo, mwami wa Tubondo, aliwaambia wake zake saba wazae wasichana tu; atakayezaa mvulana, mtoto huyo atauawa. Mwindo akazaliwa, mdogo sana, anatembea, anasema. Baba akamrushia mikuki, haikumpata. Akamzika akiwa hai, akatoka. Akamfungia katika ngoma, akaitupa mtoni. Mtoto akaenda kwa shangazi yake Iyangura. Alipopata nguvu alirudi na wajomba zake, na Tubondo ikateketea kwa moto wa radi. Baba akakimbilia chini ya ardhi, na mwana akamfuata huko huko.

Hapo ndipo nataka usimame pamoja nami. Mwindo alimkamata baba yake. Ulikuwa ni wakati wa kulipiza, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alimrudisha nyumbani, akawafufua watu wa Tubondo, akaita mkutano wa watu wote. Wakaketi watatu, baba, mwana na shangazi, kama mafiga matatu ya jiko. Kila mmoja akasema. Iyangura alimwambia kaka yake makosa yake mbele ya watu, hakumficha. Shemwindo akakiri kwa kinywa chake. Halafu nchi ikagawanywa, baba na mwana kila mmoja na upande wake, na maisha yakaendelea.

Mimi nimesoma sheria miaka mitano, na sijaona mahali palipoandikwa vizuri zaidi namna ya kumaliza vita. Ukweli ulisemwa hadharani, na aliyekosa ndiye aliyeusema. Mwanamke alikuwa na kiti chake, na kiti hicho hakikuwa cha kupokea wageni. (Bwana shefu, kama unasoma haya: katika barza yako ya mwisho akina mama walikuwa wapi? Walikuwa nyuma ya nyumba wanapika sombe.) Na mpaka uliowekwa mwishoni uliwekwa na watu waliokuwa wamekwisha kusikilizana. Mstari wetu wa ramani uliwekwa kabla ya mtu kumsikiliza mtu.

Hadithi hiyo ni ya Wanyanga, ndiyo. Lakini Mhunde akiisikia hasemi, "Hii haituhusu." Mhutu akiisikia anacheka mahali pale pale pa kucheka. Nimejaribu, nimeona.

Sasa naja kwenye jambo gumu, na nakuomba usiitupe karatasi. Tukianza kuandika orodha ya mahali petu pa ukumbusho, tutaandika nini? Kila mtu anataka kuandika makaburi ya bami wake. Vema. Lakini je, tutaandika Mokoto? Kule Bashali, karibu na maziwa mazuri, watawa Watrapisti walijenga monasteri mwaka wa 1954. Mwezi wa Mei 1996 watu waliokimbia mauaji walijificha pale, wengi wao Watutsi, kwa imani kwamba nyumba ya Mungu haiguswi. Iliguswa. Waliuawa pale pale. Tutaandika soko la Ntoto, katika Walikale? Tarehe 20 Machi 1993 wakulima wa Kihutu na wa Kitutsi walishambuliwa pale sokoni, na moto ukatoka Ntoto ukaenea Walikale na Masisi, ukaua maelfu wa kila kabila. Waliopiga siku ile walikuwa vijana wa Kinyanga na wa Kihunde. Najua ni chungu kusoma. Mimi nina ndugu wa upande huo, na ni chungu kuandika. Najua pia kwamba baadaye Wanyanga na Wahunde nao waliuawa na kuchomewa, na mahali pao nako lazima paandikwe.

Hapo ndipo naweka neno langu, nawe unaweza kulikataa. Orodha yenye makaburi ya bami peke yake ni afadhali isianzishwe. Itakuwa ramani ya vita ijayo. Orodha yenye makaburi ya bami pamoja na soko la Ntoto, yenye mahali tulipobarikiwa na mahali tulipotenda au kutendewa ubaya, hiyo hakuna mwenye bunduki atakayeweza kuitumia, maana kila akifungua ukurasa atajikuta na yeye.

Wengine wamefanya nini? Huko pwani ya Kenya, Wamijikenda wana misitu yao mitakatifu iitwayo kaya, ambamo babu zao waliishi na wengine walizikwa. Wazee wanailinda kwa makatazo: usikate, usichunge, usiingie bila ruhusa. Mwaka wa 2008 UNESCO iliandika misitu kadhaa ya kaya kuwa urithi wa dunia. Serikali ya Kenya ilisaidia, lakini bila wazee kusingebaki msitu wa kuandikwa. Na huko Mali, mwaka wa 2012, wenye silaha walibomoa makaburi ya watakatifu wa Timbuktu kwa sururu. Mmoja wa wakubwa wao, Al Mahdi, alipelekwa kwenye Mahakama ya Kimataifa kule The Hague, akakiri kosa, na mwezi wa Septemba 2016 akahukumiwa kifungo cha miaka tisa. Nchi yetu iliridhia mkataba wa mahakama hiyo hiyo tangu 2002. Kwa hiyo kamanda anayeweka kambi kwenye mahali patakatifu na kupabomoa kwa makusudi ajue kwamba hilo ni kosa la vita. Wajenzi wa Timbuktu walijenga tena makaburi kwa udongo na mikono yao.

Sheria za hapa kwetu zipo pia. Iko ile ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali za utamaduni. Katiba, katika ibara ya 46, inasema Leta inalinda urithi wa utamaduni wa taifa. Ibara ya 207 inawatambua watawala wa desturi, na inawapa kazi ya kukuza umoja na mshikamano. Soma vizuri, bwana mwami: umoja na mshikamano wa taifa, si wa ukoo wako tu. Iko na sheria ya tarehe 15 Julai 2022 juu ya haki za Watwa. Hao tunawasahau kila mara tunapogombana nani alifika wa kwanza, na sababu ni rahisi: wakiwa ndani ya chumba, swali lile linatuaibisha sote. Msitu wanaoujua wao una mahali patakatifu ambapo mimi na wewe tunapita tukitafuta makala.

Lakini usingoje Leta. Nitakueleza tunavyofanya, ni kazi ndogo. Tuna daftari la kawaida la wanafunzi. Kila mahali panapata ukurasa mmoja. Tunaandika jina, na kama yako majina mawili tunaandika yote mawili, bila kusema lipi ni la kwanza. Tunaandika nani anapatunza sasa, nini kinakatazwa pale, njia ya kufika, na kisa chake kwa ufupi kama kilivyosimuliwa. Hatuandiki ni shamba la nani. Mtu akitaka kuandika hilo tunamwambia aende kwa konservateri au kwenye tribinali, daftari letu halina kazi hiyo. Chini ya ukurasa panatakiwa alama za vidole au sahihi za watu wawili wa jamii mbili tofauti, na mmoja awe mwanamke. Mpaka ziwepo zote mbili, ukurasa unabaki wazi. Kila daftari linanakiliwa mara mbili na kuwekwa nyumba mbili. Tulijifunza hilo kwa shida: daftari la kwanza lilibaki ndani ya nyumba siku ya kukimbia, na tuliporudi hapakuwa na nyumba. La pili mama mmoja alilifunga katika kitambaa pamoja na mbegu za maharagwe, akalibeba mgongoni mpaka Mweso na kurudi. Kurasa zake zina madoa ya mvua, lakini zinasomeka.

Kama unataka kuanza kijijini kwako, anza na chemchemi. Usianze na kaburi. Maji kila mtu anayachota, na watu wakikwisha kuandika pamoja juu ya maji wanakuwa wamezoea mwandiko wa wenzao. Waite watoto wa shule wawe waandishi, mwalimu asahihishe. Waite wazee walio kambini pia, au utume mtu akawaulize kule waliko. Usiwaache kwa sababu nyumba zao sasa wanakaa watu wengine.

Ule mti wa barza yetu una ukurasa wake, ukurasa wa 9. Una majina mawili, moja la Kinyanga na moja la Kihunde. Una visa viwili vya makaburi yaliyo chini yake, na havipatani, tumeviandika vyote. Mzee yule aliyeuliza swali akiwa ameketi ametia kidole chake. Aliagiza tuandike pia kwamba mama yake mzazi alitoka katika ukoo wa yule mwingine, jambo ambalo hakulitaja siku ile ya ugomvi. Yule mwingine bado hajatia. Anasema atafikiri. Dada yake, ambaye ni mkubwa kwake, ameniambia nirudi baada ya mavuno ya maharagwe, na nije na wino.